Siku Moja kwa Abakama: Namna ya Kutembelea Ikulu za Kale za Bukoba

Sisi wa Mwanza tunakwenda Bukoba kwa mambo matatu: msiba, harusi na Krismasi. Shughuli ikiisha hubaki siku moja kabla ya basi au meli ya kurudi, na siku hiyo wengi huimalizia ufukweni, sato wa kuchoma mezani na simu mkononi. Sina ugomvi na sato. Ila mimi nimeoa Muleba, Desemba nyingi zimenikuta huko, na ilinichukua miaka kugundua kwamba mwendo mfupi tu kutoka mjini kuna ikulu mbili za wafalme, moja ya mawe na moja ya nyasi, na kwamba zote mbili mtu anaweza kuzimaliza kwa siku moja na akarudi kabla giza halijaingia.

Mwongozo huu ni wa hiyo siku moja. Unamfaa mgeni, na unamfaa zaidi Mhaya wa Dar es Salaam anayewaleta watoto nyumbani halafu wanamuuliza maswali asiyo na majibu yake.

Jua kwanza unachokwenda kuona

Buhaya haikuwa na mfalme mmoja. Wakati wa ukoloni, ukijumlisha na Karagwe, kulikuwa na himaya nane: Kiziba, Bugabo, Kyamutwara, Maruku, Kihanja, Ihangiro, Karagwe na Misenyi. Kila moja ilikuwa na Mukama wake (wakiwa wengi ni Abakama), na kila Mukama alikuwa na ikulu yake, ambayo Wahaya huiita kikale. Utawala wa machifu uliondolewa kisheria mwaka 1963. Kwa hiyo usitegemee lango la dhahabu wala askari wa kupiga saluti. Utakuta kijiji, migomba, na mzee anayekuangalia akijiuliza wewe ni wa ukoo gani.

Ikulu ya zamani haikuwa ya mawe. Ilikuwa mushonge, nyumba ya duara ambayo nyasi zake zinaanza kileleni na kushuka hadi chini, ukuta na paa kitu kimoja. Nyumba ya namna hiyo isipotunzwa haidumu. Ndiyo maana mtu akienda kutafuta kasri la karne ya 17 kwa macho tu, atarudi akisema hakuna kitu. Majumba ya mawe yalikuja na Mjerumani, ambaye aliwajengea Abakama waliokuwa upande wake.

Kwa siku yako chagua moja ya kila aina. Katuruka, upande wa Maruku, ndipo alipokuwa Mukama Rugomora Mahe katika karne ya 17. Hapo karibu yote utayasikia badala ya kuyaona. Kanazi ni ya Mukama Kahigi wa Kihanja, aliyekuwa kwenye kiti wakati Wajerumani walipoingia; hapo jengo lipo. Zote ziko kusini mwa mji. Kama unataka kuongeza Kiziba, hiyo ni kaskazini, kuelekea mpaka wa Uganda. Iache iwe siku nyingine. Najua kuna watu wanaouza safari ya "ikulu nne kwa siku". Nilipanda moja ya hizo. Tulishuka, tukapiga picha, tukapanda, tukashuka, na jioni sikuweza kutofautisha Mukama mmoja na mwingine.

Chagua siku

Bukoba ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zinazopata mvua nyingi zaidi, na mvua yake haina adabu ya kusubiri masika. Ila Juni hadi Agosti ndiyo miezi yenye unafuu, na Januari na Februari si mbaya. Machi hadi Mei barabara za udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Ukiweza kuja Novemba au mwanzoni mwa Desemba, utakutana na senene, wale panzi wa kuliwa, na hilo peke yake linaweza kukusamehesha matope.

Epuka Jumapili asubuhi. Kagera ni nchi ya makanisa; wazee unaotaka kuwasikiliza watakuwa ibadani hadi mchana. Epuka pia siku ambayo kijijini kuna msiba. Ukifika ukakuta watu wamekaa matanga, weka mpango wako pembeni, toa rambirambi, rudi siku nyingine. Jumanne hadi Alhamisi huwa shwari.

Tafuta mwongozaji, na umpime kabla hujamlipa

Hapa ndipo safari inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mara ya kwanza nilikwenda na dereva aliyeniambia, "Kaka, mimi mwenyewe nitakuongoza, hizi njia nimezaliwa nazo." Njia kweli alizijua. Tulipofika Kanazi akasema, "Hii ndiyo ikulu ya Mukama." Nikauliza Mukama yupi. Akasema, "Wa zamani." Nikauliza ilijengwa lini. "Zamani sana." Nikalipa fedha ya siku nzima kwa maneno mawili.

Kujua njia na kujua habari ni kazi mbili tofauti. Unahitaji dereva na unahitaji mwongozaji, na mara chache sana wanakuwa mtu mmoja. Mjini Bukoba kuna kampuni za utalii wa utamaduni, na hoteli nyingi zina namba za waongozaji. Njia nyingine, ambayo mimi naipenda, ni kumpitia mwalimu mstaafu au katekista wa upande wa Maruku au Kanazi; ndugu zako wa harusi watakuwa wanamfahamu mmoja. Kwa upande wa Katuruka, wanakijiji wenyewe walijipanga kuufufua urithi wao, kwa hiyo kule upo uwezekano mzuri wa kumpata msimulizi wa palepale. Ulizia kabla hujatoka mjini, usiende kubisha hodi kwa kubahatisha.

Ukimpata mtu, mpigie simu, msalimie vizuri, kisha mwulize mambo matatu. Mwulize Rugomora Mahe alitaka kufanya nini na chuma. Mwulize kwa nini Wajerumani walimpenda Kahigi. Mwulize yeye ni wa ukoo gani na muziro wake ni nini, yaani mnyama au kitu ambacho ukoo wao hawali wala kukidhuru. Anayejua atacheka na kuanza kusimulia hapohapo kwenye simu, mpaka vocha yako iishe. Asiyejua atakwambia, "Njoo tu, utaona." Huyo mshukuru na uendelee kutafuta.

Kisha bei. Elewaneni kwa siku nzima, si kwa kituo, maana wa kituo hukimbiza. Mtaje kila kitu kwa jina: gari, mafuta, ujira wa mwongozaji, kiingilio au mchango wa kijiji, chakula cha mchana cha dereva na mwongozaji, na kitu cha kumwachia mzee mtakayemkuta. Hiki cha mwisho husahaulika, kisha hugeuka kuwa kunong'onezana mlangoni wakati wa kuondoka. Bei ya gari ni ileile mkiwa wawili au sita, kwa hiyo okota binamu wengine kwenye harusi. Noah moja ikijaa, gharama ya kila mmoja inakuwa ya kawaida kabisa. Toa kianzio kidogo, malizia jioni.

Fika Bukoba kwanza

Hili nitalipita haraka. Kutoka Mwanza basi hupita Geita, Chato, Biharamulo na Muleba, na tangu Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko cha Kigongo na Busisi. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, linakuvusha ghuba kabla hujamaliza soda. Hata hivyo ni siku ya basi, usipange kutembea siku hiyohiyo. Meli husafiri usiku na kukufikisha asubuhi. Mama mkwe wangu hadi leo hapandi meli, kwa sababu ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Kila mtu wa pande hizi ana jina la mtu anayemkumbuka katika msiba ule. Simlaumu. Ratiba hubadilika, kwa hiyo hakikisha bandarini, si kwa rafiki aliyesafiri mwaka juzi.

Jioni ya kabla ya safari: toa fedha taslimu, noti ndogondogo. Kijijini kila mtu ana simu ya kupokea fedha, lakini mtandao huwa na siku zake. Weka viatu vilivyofungwa, koti la mvua hata kama anga ni safi, maji, na daftari. Wanawake, khanga au kitenge cha kujifunga juu ya suruali kitawafungulia milango mingi. Wanaume, kofia huvuliwa mbele ya mzee.

Ondoka saa moja asubuhi

Saa moja, si saa tatu. Ukungu bado uko mabondeni, na barabara ni ya watoto wa shule na wanaume wa baiskeli waliobeba mikungu mitatu ya ndizi. Mwambie dereva aanze na Katuruka. Akili ikiwa mbichi ndiyo ya kusikiliza. Jengo la mawe linaweza kutazamwa hata na mtu aliyeshiba.

Njiani angalia ardhi, maana ardhi ndiyo inayoeleza ufalme. Utaona nchi imegawanyika sehemu mbili zisizochanganyikana. Kuna vibanja, yaani migomba mizito yenye kivuli, na chini yake mibuni, maharage na nyumba. Halafu ghafla, kama mtu aliyenyolewa nusu, unatokea kwenye rweya: nyasi tupu, mawe, upepo, ng'ombe wachache. Mgeni hudhani Mungu ndiye aliyeumba hivyo. Mwongozaji mzuri atakwambia kibanja kimetengenezwa na mikono: samadi ya ng'ombe na nyasi za rweya zimekuwa zikibebwa kuingizwa humo kizazi baada ya kizazi. Kibanja ni udongo uliorithishwa. Ndiyo maana Mhaya huzikwa kibanjani kwake, na ndiyo maana ugomvi wa kibanja hauishi.

Mwulize hapo kuhusu nyarubanja. Mukama aliweza kumpa mtu wake eneo pamoja na watu waliomo, na kuanzia siku hiyo wenye mashamba wakawa wapangaji wa kulipa. Mfumo huo ulivunjwa kwa sheria ya mwaka 1965. Ukishaujua, ikulu utakayoiona mchana utaitazama kwa jicho jingine. Utajua nani aliyekuwa akilisha jiko lake.

Katuruka: mpe mzee saa mbili

Ukishuka, usitoe simu. Salimia. "Shikamoo mzee." Ataitika, kisha atakuuliza unatoka wapi na wewe ni wa ukoo gani. Hilo si swali la polisi. Anatafuta mahali pa kukuweka katika simulizi. Mimi hujibu kwamba ni Msukuma wa Magu, mkwe wa Muleba, na hapo huanza utani wa mahari ambao huchukua dakika kumi. Ziache dakika hizo zipite. Ukisikia anakuita "waitu", ujue umepokelewa. Ni neno la heshima, nawe unaweza kumrudishia.

Hapa ndipo Rugomora Mahe alikuwa na makao yake, na ndipo palipokuwa na gashani, mahali patakatifu pa kumwenzi Mukama aliyefariki. Simulizi kuu ni ya mnara. Mahe alitaka kujua huko mbinguni kukoje. Akawakusanya wahunzi wamfulie chuma, wakaujenga mnara wa kupanda juu. Ukapanda, ukapanda, kisha ukaanguka. Usimkatize mzee kumwambia kwamba hata kwenye Biblia kuna mnara; anajua, na ana jibu. Msikilize anavyotaja majina ya mahali wahunzi walipotoka na mahali vyuma vilipoangukia, kwa sababu majina hayo yako kwenye ardhi hadi leo na unaweza kutembezwa.

Mahali pa mnara simulizi ilipataja kwa mti: Kaiija, mti mkubwa wa matambiko, ambao jina lake linahusu kufua chuma. Uliza ulisimama wapi na usimame hapo. Mwaka 1970 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, aliwasikiliza wazee wa hapa, akachimba pale walipomwonyesha. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma. Vipimo vya mkaa vilitoa umri ambao hata wazee hawakuudai: zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Rugomora Mahe kuzaliwa, takribani karne ya 6 kabla ya Kristo. Mfalme alikuwa amejenga makao yake juu ya kiwanda cha kale, na jina la mti likawa limebeba kumbukumbu ambayo hakuna maandishi yaliyoibeba.

Mwombe mzee akueleze tanuru lilivyofanya kazi, maana hapo ndipo watoto wa sekondari hukaa kimya. Miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuru upya na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Shimo lilijazwa mabua ya matete ya bondeni yaliyochomwa. Neli za udongo, zile zinazopitisha hewa ya mivukuto, hazikuishia ukutani. Ziliingizwa ndani kabisa ya tanuru. Kwa hiyo hewa ilipita kwenye moto kabla ya kufika kwenye moto, ikafika ikiwa tayari imechemka. Joto likapanda, na ndani ya kilichotoka kulikuwa na pua, yaani chuma kigumu (steel). Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1978, na waliodhani Mwafrika alikuwa akigongagonga chuma laini tu walilazimika kurudi kusoma.

Ukitembezwa unaweza kuona vipande vya neli au mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yenye matundu. Yashike, yapime uzito, yarudishe yalipokuwa. Nimewahi kumwona kijana wa mjini akitia bonge mfukoni "kama kumbukumbu". Mzee hakumfokea. Alinyamaza, na simulizi ikaishia hapo. Sote tukalipia bonge lile.

Jambo jingine la kuuliza kwa upole ni nani alimfundisha yeye. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa, mwaka 1983, na miaka iliyofuata iliwachukua wengi waliokuwa wakitunza habari hizi, pamoja na vijana waliopaswa kuzirithi. Ndiyo maana siku hizi unaweza kukuta bibi ndiye anayejua zaidi kuliko babu. Ukiambiwa "subirini bibi atoke shambani", subirini.

Picha: omba ruhusa kila mara, na kwa nyumba ya matambiko uliza mara mbili. Ukiambiwa vua viatu, vua. Ukiona dini yako hairuhusu kuingia, baki nje na useme hivyo kwa adabu, hakuna atakayekukasirikia. Ila usikae nje ukitoa mahubiri.

Kula kabla ya Kanazi

Mtatoka Katuruka kama saa tano na nusu au saa sita. Mwambie dereva apitie Kyetema, kwenye njia panda ya barabara kuu ya Muleba na ile ya Kanazi, Ibwera, Katoro hadi Kyaka. Kula mahali popote penye moshi na wateja. Agiza ndizi na maharage, au katogo, yaani mchanganyiko wa ndizi wa chungu kimoja, kama bado ipo, maana hiyo huwahi kuisha. Usiulize wali, utapewa, lakini utakuwa umejitia mgeni bure.

Muuza kahawa akipita na vijifungu vya majani ya mgomba, nunua. Ni kahawa ya kutafuna: buni huchumwa, huchemshwa na majani yenye harufu, hukaushwa, kisha hutafunwa. Haikuanza kama biashara. Mgeni alipokelewa kwayo, na watu wawili waliochanjiana undugu waligawana buni mbili za tunda moja zikiwa na tone la damu ya kila mmoja. Mwambie mwongozaji akueleze hilo mkiwa mnatafuna. Tahadhari moja: tafuna chache. Mimi nilitafuna kama karanga, na usiku nikahesabu mabati ya mkwe wangu hadi alfajiri.

Kanazi: saa moja inatosha

Kanazi ni jumba la mawe la mwanzoni mwa karne ya 20, kazi ya enzi za Wajerumani, kwa ajili ya Mukama Kahigi. Baada ya asubuhi ya kusikiliza, macho yatafurahi kupata kitu cha kushika. Lakini hapa pia bila msimulizi utaona nyumba kuukuu tu.

Simulizi ya kudai ni hii. Emin Pasha, mjumbe wa Wajerumani, alipoweka kituo chao Bukoba mwishoni mwa 1890, kila Mukama alilazimika kuamua. Mukotani wa Kyamutwara, ambaye kituo kile kilijengwa katika nchi yake, aligoma. Kahigi, jirani yake, alipima upepo akaenda kufanya urafiki. Matokeo yake, Mukotani alipoteza sehemu kubwa ya ardhi, na Kihanja ikapanuka. Mwongozaji wako akiwa mtu wa Kihanja atakwambia Kahigi alikuwa na hekima ya kuokoa watu wake. Akiwa wa Kyamutwara atakwambia jambo jingine kabisa. Mwulize kwao ni wapi kabla hujaamua umwamini kiasi gani. Mimi binafsi sijaweza kumchukia Kahigi wala kumsifu. Nikisimama pale huwaza zaidi waliobeba mawe.

Mwaka 1915, mwezi Juni, Waingereza walivuka ziwa kutoka Kenya wakaushambulia mji wa Bukoba na kuuharibu mtambo wa simu za upepo wa Wajerumani. Kahigi alifariki mwaka uliofuata, 1916, mwaka uleule Mjerumani alioondoka. Ukiwa na watoto, waambie hesabu hiyo hapo kwenye ngazi. Wataikumbuka kuliko darasani.

Nyumba kama hizi zina wenyewe. Kuna familia, kuna makaburi, kuna kumbukumbu zisizo za mgeni. Mwongozaji apige simu siku moja kabla, na mkifika asubiriwe aingie yeye kwanza. Mkiambiwa leo vyumba vya ndani havifunguliwi, zungukeni nje na mshukuru. Kumbukeni pia tetemeko la Septemba 2016 lilipasua nyumba nyingi za mkoa huu, za wakubwa na za wadogo, kwa hiyo usimpandishe mtoto juu ya ukuta wa kale kwa ajili ya picha, hata kama unaonekana imara.

Kitu cha mzee mpe kwa mikono miwili, pembeni, si mbele ya kundi, na usikihesabu mbele yake. Sukari kilo mbili na sabuni hupokelewa kwa furaha kuliko noti iliyokunjwa, na mimi hubeba zote mbili.

Rudi kwa upande wa ziwa

Mkitoka Kanazi saa tisa, bado kuna muda wa kushuka Kemondo, bandari ndogo iliyo kama kilomita 20 kusini mwa Bukoba. Kuzunguka ghuba hiyo nako watafiti walichimbua matanuru ya kale ya chuma, kwa hiyo mwongozaji aliyechangamka atakuonyesha ng'ambo na kumalizia habari ya asubuhi. Asiyechangamka atalala garini. Mwache, amefanya kazi.

Kaeni muangalie wavuvi wakitengeneza nyavu na taa za dagaa kwa ajili ya usiku. Ndani ya maji hayo, kwa imani ya zamani, anakaa Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, mmoja wa Bachwezi, watawala wa simulizi za kale wanaoheshimiwa kama mizimu. Wavuvi wazee bado humtaja, nusu kwa utani, hasa wingu jeusi likitokea upande wa kisiwa cha Musira. Mkiliona wingu hilo, ingieni garini.

Ikiwa mnarudi Mwanza usiku huohuo na meli yenu inapitia Kemondo, pakieni mizigo yote asubuhi ili msilazimike kurudi mjini, na muhakikishe na wakala kwamba tiketi inaruhusu kupandia hapo. Kama mnarudi mjini, malizieni hesabu na mwongozaji ndani ya gari kabla ya kufika stendi, kwa sababu pale stendi watatokea wajomba zake watatu. Senene nunueni waliokaangwa bila mafuta mengi, mwombe muuzaji uonje kwanza, na ndizi zichagueni zikiwa mbichi kabisa. Hadi zifike Mwanza zitakuwa zimeshaanza kugeuka rangi.